Swali la Saba

3 Machi

Dada yangu mpenzi,

Hujambo? Mgongo unasemaje na hicho cherehani? Mimi mzima, tena siwezi kutulia kitini: nimepata kazi! Ofisi ya takwimu imenichukua niwe mdadisi. Tutapita nyumba kwa nyumba kuuliza nani amewahi kuviziwa, kufuatwafuatwa au kusumbuliwa. Serikali inataka kujua ni wangapi, maana wengi huumia wakanyamaza.

Mkufunzi anasema nasoma maswali kama ninayekimbizwa na mbwa. Nakutumia nakala. Jaribu kuyajibu, uniambie ni wapi hayaeleweki.

Mdogo wako

11 Machi

Mdogo wangu,

Sijambo, mgongo nao umeshazoea. Hongera! Nilipiga vigelegele hadi mteja akadhani nimejichoma sindano.

Nilianza kujibu huku nacheka. La kwanza ndiyo, la pili ndiyo. La saba likanifunga mdomo: “Je, umewahi kubadili njia, saa zako au namba ya simu ili kumkwepa mtu huyo?” Mwenzio nimebadili vyote vitatu. Ni yule mpiga picha mliyembandika jina la Shemeji. Mwaka wa pili huu ananingoja kila asubuhi kituoni, kisha ananiandikia nimevaa nini. Nikimwambia sitaki, anacheka. Nanyi mlicheka: kupendwa si kosa.

Kumbe jambo hili lina swali lake serikalini! Basi, sikuwa mwendawazimu.

Dada yako

14 Machi

Dada,

Leo salamu zitangoja. Namba yako mpya nilimpa mimi. Alinibembeleza, nikaona nakutafutia mume. Nisamehe.

Nimemuuliza mkufunzi bila kukutaja: anachokufanyia ni kosa, na polisi wana dawati la mambo haya. Usifute ujumbe hata mmoja. Andika kila tarehe unayoikumbuka. Usiende peke yako, Jumatatu nakuja.

Mdogo wako, mjinga

29 Aprili

Mdogo wangu,

U hali gani, na miguu je, baada ya nyumba zote hizo? Nilishakusamehe siku ile uliposhuka garini unalia, kwa hiyo acha kuniomba radhi kila ukipiga simu.

Sasa kaa chini. Jana tulifika mbele ya hakimu! Akamuuliza yule mpiga picha, “Huyu mama alikwambia hataki mara ngapi?”

“Mheshimiwa, unajua wanawake wakisema hapana…”

“Nimeuliza mara ngapi.”

Nikanyanyua mkono kama mtoto wa shule: “Kumi na tisa, mheshimiwa, na tarehe ninazo!”

Ameamriwa asinisogelee wala asinipigie simu hadi kesi iishe.

Nilipotoka, mwanamke mmoja akanidaka mkono mlangoni. Ni muuza mayai ninayemjua kwa sura tu. “Kabla yako alikuwa ananifuata mimi,” akasema. “Nikahama mtaa.” Tukakumbatiana, tukarukaruka pale kwenye ngazi za mahakama, watu wazima na akili zetu. Askari akatukaripia, kisha naye akacheka.

Yule muuza mayai akafuta machozi, akageuka, akarudi ndani kuandikisha maelezo yake. Kesi ikitajwa tena, tutasimama wawili.

Dada yako