Trekta Iliyokula Jiwe

Mjukuu wangu Halima,

Salaam aleikum. Hapa Wabera tuko salama, na mbuzi wa nyanya yako amezaa mapacha.

Umeuliza kwa nini handibreki ya trekta yenu ndogo inaachia hata ukikaza waya. Mimi pia, nikiwa kijana dereva kule Kulamawe, nilijua kukaza waya tu. Siku moja niliegesha trekta kwenye mteremko wa kisima, nikashuka. Ikaanza kurudi nyuma, kuelekea foleni ya maji! Msichana mmoja akasukuma jiwe chini ya tairi, ikasimama. Wazee wakacheka: "Kulamawe! Hata trekta inakula mawe."

Yule msichana hakucheka. Aliinama, akauliza, "Na hii mafuta kwa breki ni ya nini?"

Kumbe nilipopaka grisi kila mahali, nikidhani naitunza, nilipaka hata breki, na breki hushika ikiwa kavu. Kwa hiyo mwambie fundi afungue aangalie kama kuna mafuta, kabla hujakaza tena. Na jiwe usiache kuweka.

Lile letu bado linazuia mlango wa jikoni. Kila nikilipita nasema alhamdulillahi. Wacha niishie hapa, yule msichana ananiita, chai iko tayari.

Babu yako