Sauti ya Pili ya Wimbo wa Kiziwi

Alhamisi, 10 Oktoba

Leo zamu ya Mkulima. Kalenda ya Mwalimu, marehemu mume wangu, inasema hivyo nami siibishii. Nimechemsha chai ya mchaichai, nimekata kashata mbili, nimesimama, nimesema "Hongera, mzee," nimekaa. Kashata ya pili nimeila mwenyewe.

Mkulima na wenzake, wanamuziki wale wa Ulaya, Mwalimu ndiye aliyewapa majina. Yao ya Kizungu yalinishinda kutamka, akanipangia ya kwetu. Mkulima alitungia majumba makubwa ya muziki na bado akajiita mkulima. Baba Ishirini, kwa idadi ya watoto. Mzee Nywele. Na Mzee Kiziwi, mkubwa wao wote. Ndoa yetu yote tulisherehekea siku zao za kuzaliwa. Mume wangu kwenye kinanda, mimi naimba sauti ya pili. Katika mtaa huu wa Ngamiani, nyumba ya Walutheri wawili inapikia chai Wazungu waliokufa zamani. Watu walitucheka. Nasi tulijicheka.

Huu mwaka wa pili bila yeye. Kinanda kipo, lakini panya walikula viriba vya upepo. Ukikanyaga kinakohoa.

Jumapili, 13 Oktoba

Kanisani. Kwaya ya vijana, kinanda cha umeme kinachojipigia ngoma chenyewe. Hakuna anayeniuliza kama nataka kuimba. Sijawaambia kama nataka.

Neema kapiga simu kutoka Mwanza. Anasema mama, usikae tu, mtandaoni kuna muziki wote wa baba, bure. Kanitumia bando. Kanielekeza pa kubonyeza. Nimebonyeza pengine. Nimeletewa matangazo ya viatu.

Jumanne, 22 Oktoba

Mzee Nywele. Safari hii hakuzaliwa kimya. Nimempata! Nimeandika jina lake nikilitazama kwenye kalenda herufi kwa herufi, akaja. Mtu fulani anapiga piano yake kwa vidole kama mvua ya vuli juu ya bati. Nimefungulia sauti mpaka mwisho. Nimecheka peke yangu.

Kisha ukuta. Ko, ko, ko.

Bi. Mwanaidi. Nyumba yake na yangu ukuta mmoja. Tangu tuhamie hapa anagonga. Mwalimu akipiga kinanda, anagonga. Nilimwambia Mwalimu apunguze, tunamsumbua mtu. Alicheka, akarudia palepale. Ukaidi. Mimi na Bi. Mwanaidi tunasalimiana, sikukuu ya Idi ananiletea pilau, Krismasi namletea maandazi, lakini ndani kwake sijawahi kukaa. Ukuta ule ulinizuia.

Nimepunguza sauti. Mzee Nywele amemaliza siku yake akinong'ona.

Ijumaa, 1 Novemba

Nimekuwa mtu wa simu. Nimegundua maktaba ya nota, karatasi za zamani zimepigwa picha, unafungua unavyotaka. Nota zao za mistari sizisomi. Mimi nilifundishwa solfa, do re mi. Lakini napenda kuzitazama. Mwalimu angelia. Yeye alinakili kwa mkono karatasi za kuazima, na zote zikaliwa na mchwa masika ile mbaya. Leo zimejaa kiganjani mwangu na yeye hayupo. Hilo limeniudhi kuliko mchwa.

Jumatano, 6 Novemba

Nimeamua. Siku ya Mzee Kiziwi ni tarehe kumi na saba Desemba. Hiyo ndiyo aliyobatizwa. Aliyozaliwa hasa haijulikani. Mwalimu alipenda hilo, maana mimi pia cheti changu kina tarehe ya ubatizo. Mama yangu alinizaa kambini mkongeni, siku hakuiandika mtu.

Siku ile tulikuwa na wimbo mmoja, huohuo kila mwaka. Wimbo wa Kiziwi. Hauna maneno. Tuliuimba kwa solfa, yeye kinandani na sauti ya kwanza, mimi ya pili. Alisema maneno yatakuja yenyewe. Hayakuja.

Mwaka jana nilijaribu peke yangu. Sauti yangu ya pili ninayo yote. Ya kwanza, yake, imenitoka. Nakumbuka mdomo wake ukiiimba na siisikii. Sijamwambia mtu, hata Neema. Naliandika hapa kwa sababu linanitia hofu. Mtu alikufa, nikazika. Wimbo nao naona unaenda, na wa kuuzika yuko mmoja.

Mzee Kiziwi yuko mtandaoni mzima. Nitausaka. Kabla ya tarehe kumi na saba nitauimba na simu, au na chochote.

Jumatatu, 18 Novemba

Kila siku baada ya chakula cha mchana nasikiliza Kiziwi. Za piano, za violini, za watu wengi wakipiga kwa pamoja kama wanahamisha nyumba. Nyingine nzuri mpaka natoka uani nipumue. Wangu simo.

Namaanisha haumo. Lakini nimeandika simo, na sifuti.

Jumamosi, 23 Novemba

Neema kasema kuna mahali unaiimbia simu, inakutajia wimbo. Nimefunga mlango kwa aibu. Nimeimba yangu yote, polepole, safi. Simu imefikiri. Imeniletea vijana wa Korea wanacheza.

Nimeimba tena. Tangazo la sabuni.

Ko, ko, ko ukutani. Hata kuimba kwangu sasa kosa.

Jumapili, 1 Desemba

Majilio. Baada ya ibada nimemfuata kijana anayefundisha kwaya. Ana adabu, kaniamkia vizuri. Nimemwimbia wimbo wa Mwalimu pale nje, watu wanapita. Kasikiliza mpaka mwisho. Kasema, "Samahani, mama. Huu wimbo unakwenda wapi?" Hakuwa na ubaya.

Nimerudi kwa miguu. Sikutaka kukaa karibu na mtu.

Jumapili, 8 Desemba

Mzee Mnyamavu, wa nchi ya theluji. Huyu aliacha kutunga miaka mingi kabla ya kufa. Mwalimu hakumwelewa kabisa. Mimi leo nimemwelewa.

Mchana nimekuta ukurasa wa wanakwaya. Kila wimbo wameukata kwa sauti. Unabonyeza ya kwanza, inapigwa peke yake. Unabonyeza ya pili, inapigwa peke yake. Nimefurahi kama mtoto, kumbe duniani kote kuna watu wa sauti ya pili na kuna aliyewafikiria. Nimebonyeza ya pili ya tenzi moja bila kutazama jina. Nimesikiliza. Sikuutambua wimbo. Unapanda hatua moja, unakaa, unashuka, unakaa. Unakwenda wapi huu?

Nimetazama jina. Tenzi niliyoiimba tangu utoto. Tuliyozikia Mwalimu.

Mjinga mimi. Zaidi ya mwezi nausaka wimbo kwa sauti ya pili. Simu yote, kijana wa watu, wote nimewapa ubavu na kuwauliza ni mnyama gani. Wimbo unajulikana kwa sauti ya kwanza, nayo ndiyo sina.

Jumatano, 11 Desemba

Nimewapigia wanakwaya wa zamani walio hai. Hakuna anayeujua. Hatukuuimba kanisani hata siku moja. Ulikuwa wa nyumbani, wa mimi na yeye na chai.

Orodha ya Kiziwi nimeifikisha mwisho leo. Haumo.

Mpweke si mtu asiye na watu. Neema anapiga simu. Jirani yuko ukutani. Mpweke ni mtu wa sauti ya pili aliyebaki anaimba. Basi, nimesema.

Jumatatu, 16 Desemba

Mvua tangu alfajiri. Kesho ndiyo siku. Sikupika. Nimekaa kwenye kiti cha kinanda nikaimba yangu, ya pili, kwa nguvu, bila kujali. Nikafika mwisho. Nikaanza tena.

Ko, ko, ko.

Nimewaka moto. Nimetoka na kanga moja kichwani, mvua inaninyeshea, nimeingia kwake bila hata hodi. Alikuwa anakoroga unga wa vitumbua. Nimemwambia, "Bi. Mwanaidi, nimechoka na ukuta wako!"

Hakuacha kukoroga. "Mie ndo nilochoka, Mama Neema. Miaka miwili nagonga, hunielewi. Waimba ubavu mmoja tu, kila siku ubavu mmoja. Wimbo wenyewe u wapi?"

"Wimbo upi?"

"Wa Mwalimu. Nilikuwa nikigonga, arudia. Yeye alijua. Wewe ukigongewa, wanyamaza."

Akatazama unga, akaanza kuimba kwa pua, taratibu, na mwiko unakwenda naye. Ya kwanza. Yote. Pale inapopanda, alipanda. Pale Mwalimu alipokuwa akichelewa kidogo kabla ya kushuka, alichelewa.

Nimelia jikoni kwa mtu, nimelowa chapachapa. Alinipa kigoda. Mara ya kwanza kukaa kwake.

Jumanne, 17 Desemba

Bi. Mwanaidi kaja alasiri na sahani ya vitumbua, akasalimia mpaka kalenda. Nimeweka vikombe viwili na vyote vimetumika. Nimemweleza Mzee Kiziwi ni nani. Kasema, "Maskini. Atunga na hasikii?"

Kisha simu. Nilitaka jina la wimbo. Nilitaka kujua ni upi kati ya zake, niusikie ukipigwa na watu wenye vyombo vizima. Bi. Mwanaidi kaisogelea simu kama anayemnong'oneza mgonjwa, kaimba ya kwanza mwanzo hadi mwisho. Simu imefikiri.

Hakuna wimbo uliopatikana.

Akaimba tena. Hakuna. Hata Wakorea hawakuja.

Nimesema simu mbovu. Yeye akanitazama kwa mshangao. "Lakini Mama Neema, simu itaujuaje? Si Mwalimu kautunga hapa?"

Kaniambia. Mimi mchana nilikuwa kazini kliniki. Yeye alikuwa na mimba ya Zuhura, bintiye, mimba ngumu, amelala kitanda cha ukutani mchana kutwa. Mwalimu alitoka shule, akakaa kinandani. Anapiga kidogo, anakosea, anarudi. Anabadilisha. Kesho anaendelea pale alipoachia. "Wimbo wa mtu mwingine hauukosei vile," kasema. Mwisho wake alikuwa nao wa namna mbili, leo huu, kesho ule. Siku alipoupiga ule unaoshuka polepole, Bi. Mwanaidi aligonga ukuta. Mwalimu akanyamaza. Akaurudia. Akagonga tena. "Basi akauacha hivyo."

Wimbo wa Kiziwi. Ndoa yote nasema Wimbo wa Kiziwi na kumbe sikuusikia. Wimbo wa Krismasi haukutungwa na Krismasi. Wimbo wa harusi haukutungwa na harusi. Ulikuwa zawadi ya siku ya Kiziwi, na mimi nikampa Mjerumani huyo sifa za mume wangu. Niliwahi hata kumwambia Mwalimu, "Huyu kiziwi wako alijua kutunga." Alisema, "Eeh, alijua." Akanywa chai.

Nimemkasirikia. Nimemkasirikia sana, mpaka Bi. Mwanaidi kaniambia nimwache mwenzangu apumzike. Angesema! Ningemsifu yeye. Labda ndicho alichokwepa. Labda alitaka kusikia sifa ya kweli tu, bila kuniweka njia panda. Sitajua.

Nimezima simu. Mle ndani wamo wote, Mkulima, Baba Ishirini, kila mtu na siku yake. Mwalimu hayumo. Yumo kwangu nusu, na kwa jirani nusu.

Tukaimba. Yeye ya kwanza, kwa pua. Mimi ya pili, kwa solfa. Tulipishana katikati, tukaanza upya. Tulipofika mwisho ule unaoshuka polepole, kanyoosha mkono akagonga meza.

Jumapili, 22 Desemba

Leo ya Mvutaji, aliyependa sigara. Chai, kashata. Nimesimama, nimempongeza.

Kwenye kalenda, chini ya tarehe aliyozaliwa Mwalimu, nimeandika jina lake. Nilikuwa sijawahi. Na yeye hakuwahi.

Mvua imekatika. Nyumba kimya, kikombe kimoja. Nimekaa kwenye kiti cha kinanda. Nimegonga ukuta.

Kisha upande wa pili, pamoja na mlio wa mafuta kikaangoni, ya kwanza ikaanza. Nikangoja zamu yangu, nikaingia.