Barafu ya Samaki Chini ya Kofia

Kasese, Jumapili mchana

Mama yangu mpenzi,

Kabla hata sijakusalimu, niruhusu nitoe neno ambalo sijamwambia mtu, hata padri: mwizi wa barafu hapa kwa shangazi ni mimi.

Sasa nakusalimu. Hamjambo huko Butembo? Goti lako linasemaje na hiyo mvua? Mimi ni mzima, ninakula, na baridi ya kwetu naiota mchana nikiwa macho. Jua la huku halichomozi, linakurukia. Ikifika saa sita, hata mbuzi wanagombania kivuli cha lori.

Unajua nilivyo. Darasani nikilijua jibu, bado nanyamaza. Kukimbia hakutaki maneno, ndiyo maana likizo hii nilijiunga na wakimbiaji. Mwalimu wetu alikuwa mwanajeshi, kwa hiyo sote tunamwita afande. Siku ya kwanza alitupeleka barabarani saa nane mchana. Nikadhani tunaadhibiwa. Kumbe mwili ukizoeshwa joto kidogo kidogo, wiki moja, mbili, unajifunza kutoa jasho mapema.

"Jasho ndiyo rejeta yenu!" alipiga kelele. "Maji ya kunywa, kidogo kidogo. Maji ya kichwa, mwaga! Na kesho kila mutu, aisi!"

Mimi nilisikia "aisee". Nilianza shule kwa Kifaransa, Mama, na Kiingereza cha huku bado kinanipita masikioni. Kesho yake wenzangu walikuja na vipande vya barafu, mimi mikono mitupu. Rafiki yangu Biira alicheka mpaka akakaa chini.

"Aisi ni barafu, wewe Mukongomani! Moja unaweka kwa kofia, ingine unafunga kwa shingo."

Ningeipata wapi? Unajua shangazi anauza samaki. Kila alfajiri Muhindo, kijana wa bodaboda, anaenda ziwani Kasenyi, na saa sita anarudi na boksi la ngege waliolazwa kwenye barafu. Analiacha barazani mpaka shangazi atoke sokoni. Hapo katikati ndipo mkono wangu ulipopita.

Mama, raha yake! Ni kama kichwa kimerudi Butembo peke yake na kuacha miguu ikihangaika huku. Ila barafu ikiyeyuka inanuka samaki. Paka wa jirani alinisindikiza mpaka uwanjani. Afande akasimama, akanusa.

"Nani amekuja na mchuzi hapa?"

Nikatazama viatu vyangu.

Jana ndiyo yalikuwa mashindano, kutoka hapa mjini mpaka Kinyamaseke. Tuliambiwa tunaanza saa moja asubuhi. Mgeni rasmi alifika saa sita, kisha akahutubia kuhusu kutunza wakati. Jua lilikuwa limeshakaa utosini. Nilichomoka mbio hadi nyumbani na kuchota barafu ya boksi karibu yote, yangu na ya Biira. Tukaloweka mikono kwenye ndoo ya barafu mpaka filimbi. Vijana waliofyatuka kama swala tuliwakuta njiani wameketi, wameshika vichwa. Kila penye maji nilikunywa mafunda mawili na mengine nikajimwagia, fulana ikanigandama mbele za watu wote. Mimi, Mama! Aibu niliiacha hapohapo kwenye lami. Nikawa wa tatu. Nimepewa beseni jekundu, na afande alinipigia saluti. Najua utasema nitashikwa na homa kwa kulowesha kichwa. Sijapiga hata chafya.

Nilirudi nikiimba. Barazani nikamkuta shangazi ameinama juu ya boksi, Muhindo amesimama na kofia yake ya pikipiki mkononi.

"Barafu yangu unapelekaka wapi? Unasimama kwa njia kupiga hadithi!"

"Mama, mimi sisimami hata kukojoa," Muhindo akamjibu.

"Samaki beko laini kama uji! Leo natupa, kesho natafuta mutu mwingine."

Mke wake Muhindo amejifungua juzi tu. Lakini Muhindo, badala ya kujitetea zaidi, aliniona na beseni langu akasema, "Ah, bingwa wetu, hongera." Nilitaka kusema. Mdomo ulifunguka kabisa. Ulichotoa ni "asante".

Usiku sikulala vizuri, na kanisani leo sikusikia mahubiri. Ndipo nikachukua kalamu, maana kwako maneno yanatoka. Usidhani ulinilea vibaya. Ulinilea vizuri, ndiyo sababu siwezi kulificha hili.

Barua hii ataivusha yule mama wa vitenge anayepitia Bwera, mpakani. Nisalimie babu, mwambie redio yake asimpe mtu kuitengeneza mpaka nije. Msalimie kaka Kambale na wanafunzi wake, na jirani yetu Mama Masika anayetukopesha chumvi.

Nasikia kandambili za shangazi, anakuja huku. Kila nikiandika huwa naisukuma karatasi chini ya godoro. Leo nimeitandaza mezani, nimeielekeza upande wa mlango. Alijifunza kusoma ukubwani, anasoma polepole na kwa sauti, na mimi nitakaa hapahapa mpaka amalize. Kesho alfajiri Muhindo lazima awashe pikipiki yake.

Mwanao anayekupenda,
Katungu