Picha ya Harusi Yako Kikaoni

Nyumbani, mezani jikoni
Jumapili asubuhi

Mpendwa kaka yangu,

Hujambo wewe na wifi yangu? Na wanangu je? Baridi ya huko imepungua, au bado mnalala na soksi? Sisi hatujambo. Mama amepona kifua, na ushahidi ni kwamba amerudi kutugombeza.

Nikupe habari za dada kabla wengine hawajakuletea za kutiwa chumvi. Unakumbuka alivyoitwa Kipaza, alipoongoza mgomo wa wanafunzi na chuo kikamfukuza? Baba alimsihi afunge mdomo, akakataa, wakanuniana mwaka mzima. Aliporudishwa akang'ang'ana na historia, hadi leo anaifundisha chuoni hapo hapo. Tukadhani ametulia. Wapi!

Kile kiwanda cha ngozi kilitaka kulaza bomba la pili la kumwaga maji machafu kwenye kijito chetu. Mwanasheria wao alishikilia kuwa kijito kilikuwa cheusi tangu zamani, hivyo bomba moja zaidi haliharibu kitu. Lingeruhusiwa, sisi wa bondeni tungefungasha virago tu, maana hata kisima kimeanza kunuka.

Safari hii dada hakuandamana. Alipita nyumba kwa nyumba akiomba picha za harusi. Watu wakamcheka, eti msomi mzima kaishiwa kazi. Lakini wewe unaujua mtaa wetu: hakuna bibi harusi aliyeondoka bila kupigwa picha kwenye daraja la kijito. Akazipanga kwenye ubao, ya zamani mwanzo, ya juzi mwisho, akaubeba hadi kwenye kikao cha halmashauri cha kuamua juu ya bomba. Maji yalikuwa safi kabisa, kiwanda kikafunguliwa, yakawa ya kijivu, kisha meusi.

Na yako ilikuwemo. Usinune, aliyeitoa ni Mama. Ni ile uliyokunja suruali ukaingia majini kuokoa kiatu cha wifi. Vidole vyako vyote vya miguu vinaonekana chini ya maji. Wajumbe wa halmashauri waliangua kicheko, na mwanasheria naye akacheka mpaka akavua miwani. Halafu akakumbuka alichotoka kusema, akanywea.

Dada akasimama aeleze, sauti ikamkauka. Kipaza, kaka! Alikuwa anamtazama Baba aliyekaa nyuma, nadhani akiogopa kumuudhi tena. Nilitaka kulia. Baba akainuka taratibu kwenye kiti.

"Sema, mwanangu," akamwambia. "Sema kwa sauti, na sisi wa huku nyuma tusikie."

Basi akasema, mpaka chai ya mwenyekiti ikapoa. Bomba la pili limekataliwa, na la kwanza litafungwa hadi waweke mtambo wa kusafisha maji. Tangu siku hiyo Baba akiamka tu anaingia mtaani, anauliza kila anayekutana naye kama alimsikia binti yake.

Msalimie sana wifi, wabusu wanangu, na mjomba wetu wa huko mwambie tunamkumbuka. Mungu akulinde huko uliko, akurudishe kwetu mzima na mnene kidogo.

Akupendaye bila kuchoka,
Mdogo wako, kitindamimba