Kuvunjwa kwa Kamera ya Tumbo

MAELEZO YA SHAHIDI

Shahidi: mama mzazi wa mtuhumiwa, wateja wake humwita Mkono Mwepesi
Umri: miaka 58
Kazi: msusi
Makazi: chumba cha nyuma ya saluni yake, mtaa wa pili kutoka hospitali

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuletwa na mtu.

Tangu mwaka jana nilikuwa napungukiwa damu. Ilianza kwa uchovu. Nilikuwa nasinzia nikiwa nimesimama nyuma ya mteja, hadi mmoja akaniuliza, "Mama, unanisuka au unaniegemea?" Tulicheka, lakini choo changu kilikuwa cheusi kama lami na nilijua si bure. Niliongezewa damu hospitali mara kadhaa, haikukaa. Mwishowe daktari wa tumbo alinipitisha kamera mdomoni, akaona mishipa midogo ndani ya tumbo imevimba na inavuja. Akaniambia, "Mama, hapa hatupasui. Tunarudisha mpira huuhuu wa kamera, tunaichoma hiyo mishipa kwa joto, juujuu tu, inaziba. Utakuwa umelala." Nilimwelewa vizuri.

Mwanangu hakuyasikia maneno hayo. Nilimwacha nje makusudi. Ni kitindamimba wangu, fundi pikipiki, mtu wa watu, hana ugomvi na jirani yeyote. Lakini baba yake aliingia hospitali akitembea akatoka amebebwa, na tangu siku hiyo mwanangu akiona koti jeupe anabadilika sura. Aliponiuliza daktari kasemaje, nilimjibu, "Wataniosha tumbo, basi." Niliona namwondolea hofu. Laiti ningemwita ndani akae pale kwenye kiti, asikie mwenyewe.

Mnamo tarehe 14 mwezi wa tatu, majira ya saa mbili asubuhi, tulifika kwenye chumba cha kamera. Mwanangu alikwenda kuegesha pikipiki. Kwenye benchi nilimkuta dereva wa lori mstaafu akiwa na mkewe. Yeye alikuwa na kidonda cha tumbo kinachotoa damu, naye alikuja kuzibwa kwa joto kama mimi. Zamu ilikuwa yake. Niliposimama kumpisha mtu nikapepesuka, akanishika mkono akasema, "Dada, tangulia wewe. Mimi nimezoea foleni za malori kwenye mizani, hii ni mchezo." Mkewe alimtazama. Nikatangulia.

Nilichomwa sindano ya usingizi, sikusikia maumivu yoyote. Nilipofumbua macho nilikuwa kwenye kitanda cha magurudumu, mwanangu kaniinamia. Akauliza, "Mama, wamekufanya nini?" Nikajibu, "Wamenichoma." Maneno hayo ni yangu, nayakumbuka. Nilitaka kuendelea, nimwambie kwamba yamekwisha salama, lakini ulimi ulikuwa mzito na usingizi ukanirudia.

Nilizinduliwa na kelele. Mlango wa chumba cha kuoshea vifaa ulikuwa wazi, nami nilikuwa naona mpaka kwenye sinki. Muuguzi wa kiume alikuwa ameshika ule mpira wa kamera. Mwanangu alisema, "Mmemchoma mama yangu kwa ruhusa ya nani?" Muuguzi akamjibu, "Kaka, tulia kwanza nikueleze." Mwanangu akamnyang'anya mpira, akaupiga kwenye ukingo wa sinki mara mbili. Nilisikia kioo cha kamera kikipasuka. Muuguzi alijaribu kuuokoa, akateleza kwenye maji, akaangukia mkono. Nilimwita mwanangu kwa jina lake la utotoni. Sauti haikutoka.

Daktari aliingia. Hakufoka. Aliuokota ule mpira, akautazama kwenye mwanga, akasema, "Tulikuwa nao huu mmoja tu." Hapo mwanangu akawa kama mtu aliyeamshwa. Alikaa chini kwenye maji yale mpaka walinzi walipokuja kumchukua.

Dereva alipakiwa kwenye gari la wagonjwa kupelekwa hospitali nyingine, mbali. Mkewe alipita karibu na kitanda changu akiwa amebeba viatu vya mumewe. Baadaye nilisikia kwamba damu ilizidi njiani, na kule ikabidi wampasue wakate sehemu ya tumbo.

Jana nilikwenda kumwona. Amekonda, ana mipira puani. Nilianza kuomba msamaha, akanikatiza, "Damu yako ilikoma?" Nikasema imekoma. Akasema, "Basi, si haba," akafumba macho. Nilitamani anitukane.

Binti yangu mkubwa amenishauri nieleze kwamba muuguzi ndiye aliyeanza kumsukuma mdogo wake. Aliniambia, "Mama, huyo ni mwanao. Ukimzika wewe, nani atamfukua?" Namwelewa, anampenda mdogo wake. Lakini muuguzi hakumsukuma. Alimwita kaka, na sasa mkono wake uko kwenye plasta. Na mwanangu hakwenda pale kuiba wala kuumiza mtu. Alidhani nimeteswa. Naomba yote mawili yaandikwe.

Niliyoyaona na niliyoyasema ni hayo, sijaongeza, sijapunguza. Nimesomewa, ndivyo yalivyo.

Saini ya shahidi: (imetiwa)

Maelezo ya askari mpelelezi: Nimeyaandika maelezo haya kama shahidi alivyoyatoa, bila kumshurutisha. Baada ya kutia saini aliomba kumwona mtuhumiwa, nikamruhusu nikiwepo. Alimweleza hatua kwa hatua jinsi alivyotibiwa: mpira, joto, mishipa iliyozibwa. Mtuhumiwa alisikiliza ameshika nondo za mahabusu, kisha akauliza, "Kwa nini hukuniambia, mama?" Shahidi alimshika vidole kupitia kwenye nondo mpaka muda ulipokwisha.