Déo Bado

Jumatatu, 7 Julai 2003
Nimefagia, nimepika maharage, nimekaa kwenye riwaya yangu. Sura ya tisa tena. Haiendi. Mabomu yanalia upande wa kusini tangu alfajiri. Mchana Mama amefika hapa kwangu Ngagara, kaskazini mwa jiji, kutoka kwake Kanyosha, huko huko kusini, kwa miguu, godoro kichwani. Mdogo wangu Déo amebaki nyuma kufunga nyumba. Atakuja jioni.

Jumanne, 8 Julai
Déo bado.

Alhamisi, 10 Julai
Nimekwenda mpaka kizuizi cha wanajeshi, njia ya Kanyosha. Hakuna kupita. Mwanamke aliyekimbia na watoto ameona maiti njiani. Nimemuuliza walivaa nguo gani, hakumbuki. Nikarudi. Ningefanya nini? Mama anashinda mlangoni, viatu miguuni. Riwaya sijaigusa. Naandika humu tu.

Jumapili, 13 Julai
Salvator amekuja, rafiki yangu, anafundisha fasihi chuo kikuu. Aliulizia riwaya. Kwa uchovu nikampa shajara. Akaisoma yote, miaka yote ya vita, chai ikapoa.

“Dada, hii ndiyo kitabu yako. Zile riwaya ulipamba mingi. Huku apana pambo.”

Anataka kuipeleka kwa mchapishaji Ulaya. Ukurasa mzuri kuliko zote, anasema, ni wa Jumanne. Maneno mawili. Kitabu kiishie pale.

Kiishie pale! Nilimfukuza. Lakini amesema kweli, na hilo ndilo linaloniuma. Kadiri tunavyoumia ndivyo ninavyoandika vizuri. Najionea kinyaa.

Jumatano, 16 Julai
Njia imefunguliwa. Nyumba ipo, ukuta mmoja umetobolewa. Mlango una kufuli. Alifunga, basi. Alifunga akaondoka. Jirani hajui. Hospitalini hawajui. Nimeita jina lake kwenye mashamba ya mihogo mpaka sauti ikakauka.
Niliporudi, Mama alikuwa mlangoni. Aliniangalia tu usoni.

Jumamosi, 19 Julai
Hakuna.

Jumapili, 27 Julai
Mama ameacha kukaa mlangoni. Leo baada ya misa amenikuta naandika. Akauliza ni nini hiki ninachoandika kila siku. Nikamjibu: Déo.

Akainama juu ya daftari.

“Andika mutoto yangu alikuwa anakula samaki ya ndagala na vichwa yake. Na kuimba, alikuwa anaimba mubaya.”

Nimeandika. Amevuta kigoda, amekaa karibu yangu. Nikamuuliza, niandike nini tena.