Mama Yangu Hakukataa Tusome

Bi. Rahma,

Leo shikamoo sikupi. Nna hasira nawe, na kufa kwako hakujazipunguza.

Mwezi uliopita chuoni walikusomea hitma. Kila aliyesimama aliusifu utafiti wako, ule wa kwa nini wasichana wa shamba hawafiki chuo cha ualimu. Wakataka kuuchapisha tena. Mama yangu alitoka kijijini kwetu Uroa kuja kukulilia. Alikaa jamvini anakusomea Yasini, na hajui ulivyomwandika.

Mimi najua. Nilikuwa msaidizi wako, na mimi ndiye niliyekupeleka kwetu. Mama alikupikia mkate wa kumimina. Ukamuuliza kwa nini mdogo wangu Zuhura haji kusomea ualimu mjini. Akakujibu mbele yangu, "Nataka sana asome, bibi. Lakini mjini hatuna mtu ila Asya, naye kahifadhiwa kwako. Atalala wapi?"

Wewe ukaandika kwamba wazazi wa pwani hawathamini elimu ya mtoto wa kike.

Nilipokuuliza, hata hukukana. Ulikuwa jikoni kwako Michenzani, unakoroga chai. Ulisema, "Mwanangu, nikidai dakhalia, mabweni ya wasichana wa kulala mjini, wakubwa watanifungia mlango. Nikisema kosa ni la wazazi, watanisikiliza."

Wakakusikiliza kweli. Zikaja semina. Mama zetu wakakalishwa madarasani, wakafundishwa kuwapenda watoto wao. Dakhalia haikujengwa. Zuhura alifaulu, akabaki Uroa. Sasa anatandika vitanda vya wageni hotelini.

Na jibu ulikuwa nalo nyumbani kwako! Mimi nimekuwa mwalimu kwa sababu ulinipa chumba. Nilipoumwa homa ulinikanda kichwa kwa kitambaa cha maji, ukanisahihishia maandalio yangu ya somo huku nimelala. Nnakukumbuka hivyo, halafu... basi. Nakasirika upya. Ungekuwa mtu mbaya tu, ningeshakusahau.

Wameniomba niandike dibaji ya chapa mpya. Nimeiandika. Nimeweka maneno ya mama kama alivyoyatamka, na chumba ulichonipa, na ulichoniambia jikoni. Mkuu wa kitivo akaniita, karatasi ziko mbele yake, hanitazami usoni.

"Maiti hasemwi vibaya," akasema.

Nikamwambia, "Mama yangu yuko hai."

Uchapishaji wameusimamisha. Wenzangu wengine hawanisalimii tena. Wanasema umenilea nikakulipa kwa fedheha.

Kwaheri, Bi. Rahma. Nnakuombea maghfira kwa Mungu, na naomba kwa dhati. Msamaha wangu ni jambo jingine. Nnakuahidi hili: Ijumaa nnakwenda Uroa, nikae na mama, nimsomee kila ulichomwandika. Akiniambia nikusamehe, nitakusamehe siku hiyo hiyo. Asiponiambia, tutaonana mbele ya Mola, wewe, mimi na yeye.

Mwanafunzi wako,
Asya